Babu alilowea, cheti kikasema tajnisi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Babu yetu alifariki mwaka jana huko Ulyankulu, Tabora. Alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa kijana, na cheti chake kinasema ni raia wa tajnisi. Yeye mwenyewe neno hilo hakulitamka hata mara moja. Alizoea kusema, "Mimi nimelowea hapa." Sasa tunaandika historia yake fupi ya kusoma siku ya kumbukumbu, na maneno machache ya kuchonga kaburini. Mdogo wangu wa kidato cha pili amegoma. Anasema aliyelowea ni mlowezi, na walowezi ni wale Wazungu walionyang'anya watu ardhi. Je, babu alikuwa mlowezi? Tajnisi ni nini hasa, na mbona inafanana na jinsia? Tuandike neno gani?

Jibu: Marahaba, binti, na poleni sana.

Nianze na mdogo wako, maana kisarufi hajakosea hata kidogo. Vitenzi vya namna hii hutoa majina ya watendaji kwa kuingiza z: anayetetea ni mtetezi, anayetembea sana ni mtembezi, na aliyelowea, ukifuata njia hiyo hiyo, ni mlowezi. Kwa hesabu ya sarufi tupu, basi, babu yenu alikuwa mlowezi. Lakini mtoto huyu, mlowezi, alitoka nyumbani akiwa mdogo, akaishi na watu wengine, akarudi na sifa ambazo mzazi wake hana. Mwacheni kidogo nje, tuzungumze kwanza na mzazi.

Kulowea ni kufika mahali ukiwa mgeni, ukakaa, ukapazoea, mpaka kurudi ulikotoka kukawa si jambo unalolipangia tena. Kukaa peke yake hakutoshi: mfungwa anaweza kukaa gerezani miaka thelathini na hakuna atakayesema amelowea. Kuzoea nako hakutoshi. Dereva wa lori anaweza kuijua Tunduma vichochoro vyake vyote, anajua mama ntilie yupi hapunguzi nyama, lakini kwao ni kwingine na Ijumaa anarudi. Kinachokamilisha kulowea ni ile safari ya kurudi ambayo uliiahirisha mwaka huu, na mwaka uliofuata, halafu siku moja ukagundua hata begi lenyewe umeshampa mtoto wa jirani aendee shule. Ndiyo maana kitenzi hiki hupenda kuja na -me-: amelowea, kama tunavyosema amezeeka. Hatutaji tendo, tunataja hali ambayo mtu amekutwa nayo. Sijapata kumsikia mtu akisema, "Mwezi ujao nitalowea Morogoro."

Neno hili pia hubadilika rangi kulingana na anayelisema. Kwa waliobaki nyumbani ni neno la lawama: "Alikwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini, akalowea huko huko." Lisikilize hilo huko huko, ni mama anayezungumza, na pesa ya matumizi haijaja tangu mfungo wa juzi. Kwa aliyehama mwenyewe ni kitu kingine. Mama yangu mzazi alikuwa mtu wa Pangani aliyeolewa Kilwa. Wajomba zangu wakija kumwona walikuwa wakimwambia, "Dada, wewe umelowea," na nyuso zao hazikuwa za kupongeza. Naye akijibu, "Nimelowea, ndiyo," huku anakuna nazi, bila kuinua macho. Katika jibu lile mlikuwa na fahari na simanzi pamoja, na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni ya mbuzi ya nazi nikisubiri kupewa machicha sikuweza kuzitenganisha, wala leo siwezi.

Kwa hiyo babu aliposema "nimelowea hapa", pima uzito wa hapa. Hakusema huko. Alikuwa ameshachagua upande wa kuzungumzia.

Watu wengi wakilisikia lowea husikia ndani yake lowa ya maji. Mimi sauti hiyo siichukui kuwa ushahidi wa asili ya neno, ila picha yake naipenda: kunde ulizoziloweka jioni, asubuhi si zile kavu tena, na hata ukizianika jua zima hazirudi zilivyokuwa. Angalizo dogo tu: msijaribu kulitia katika kauli ya kutendeshwa. Mkiandika kwamba babu "aliloweshwa Ulyankulu", wasomaji watajiuliza kama siku hiyo hapakuwa na mwavuli.

Mtu anajuaje kwamba amelowea? Wahenga walianza kuhesabu mapema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaichukua methali hii kuwa ya kumkemea mgeni mvivu, lakini jembe lile lina ukarimu wake, kwani anayekupa jembe amekubali kwamba una haja na udongo. Mimi kipimo changu ni msibani. Mgeni akifika msibani huletewa kiti. Aliyelowea huonyeshwa sululu ilipo, au hakuna hata wa kumwonyesha, anajua ilipo kwa sababu yeye ndiye aliyeirudisha mara ya mwisho. Ukitaka kuandika historia ya babu yako vizuri, usiishie kwenye tarehe za vyeti. Ulizeni ni msiba gani wa kwanza pale Ulyankulu ambao babu alichimba badala ya kukaa.

Sasa tumwite mlowezi aingie. Yeye alichafuliwa na historia, na mahali penyewe panajulikana. Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani Kisumu mwaka 1901, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilikuwa na deni na treni zisizo na mizigo ya kutosha. Ikaona dawa ni kuwaita wakulima wa Kizungu kutoka Uingereza na Afrika Kusini wapewe nyanda za juu za Kenya. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ikafungua mlango, na ile ya mwaka 1915 ikawawezesha kukodishiwa mashamba kwa miaka 999. Ndipo akina Lord Delamere wakajikatia maelfu kwa maelfu ya ekari, na wenyeji wakageuzwa maskwota, watu wa kukaa kwa hisani ya mwenye shamba, juu ya ardhi ya babu zao. Mtu anayekodi shamba kwa miaka 999 hajaja kulowea kwa maana ya mama yangu. Hata hivyo wasemaji wa Kiswahili walihitaji jina la kumwita, na mlowezi akachukuliwa kwa kazi hiyo. Baadaye akatumwa Rhodesia, Algeria na Afrika Kusini ndani ya vitabu vyetu vya historia, na leo ukifungua redio taarifa ya habari inamtaja Ukingo wa Magharibi wa Mto Jordan. Mdogo wako amekutana naye darasani akiwa tayari amebeba bunduki na seng'enge. Hana kosa.

Lakini kuna jambo ambalo darasani hawamwambii. Nchini kwetu mlowezi ana kazi ya pili, ya ofisini. Maofisa wa uhamiaji huwaita walowezi wale watu walioingia nchini zamani, wengine tangu enzi za wazazi wao, wakakaa bila hati yoyote: mkulima wa migomba wa mpakani Kigoma, mfugaji wa Kagera, mzee mwenye asili ya Msumbiji au Komoro aliyezeekea Unguja. Mtu wa namna hii hakumnyang'anya mtu ekari hata moja. Pengine utajiri wake wote ni debe mbili za maharage na baiskeli. Hivyo neno moja linambeba bwana wa maelfu ya ekari, na hapo hapo linambeba asiye na kitambulisho. Nikiulizwa, nitasema ofisi imebaki karibu na maana ya mzazi kuliko shule. Ila wanaosoma jiwe la kaburi ni watu waliopita shule, na hakuna atakayesimama pale kuwaeleza lugha ya uhamiaji. Mlowezi msimwandike. Kitenzi chenyewe hakina doa: mtu akisikia "amelowea" haoni bunduki, anaona mzee amekaa chini ya mwembe.

Sasa tajnisi, na swali lako zuri kuhusu jinsia. Umeona sawasawa, ni ndugu. Mzizi wao ni jins ya Kiarabu, maana yake aina, namna, kundi la vitu vya asili moja. Waarabu nao waliipata mbali: inatokana na genos ya Kigiriki, iliyofika kwao kupitia lugha za jirani za Kisemiti. Kwetu imeingia mara tatu, kila mara kwa mlango wake. Kwanza kama jinsi, "jinsi ya kupika pilau", ambapo ni namna tu. Halafu jinsia, ya kike na ya kiume. Mwisho tajnisi, ambayo kwa maana ya asili ni kukifanya kitu kiwe cha jinsi moja na vingine. Mgeni anachukuliwa, anafanywa wa aina yetu. Hiyo ndiyo hoja iliyojificha ndani ya cheti cha babu.

Hawa ndugu wana vituko. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Tanga, alisindikiza mgonjwa Maskati, akapewa fomu ya Kiarabu. Kiarabu chenyewe hakijui, lakini herufi alifundishwa chuoni utotoni, basi akawa anasoma polepole kwa kufuatisha kidole. Akafika kwenye al-jinsiyya. Akafurahi, hili analijua, akaandika: mwanamume. Binti wa kaunta akacheka mpaka akaweka kalamu chini, kisha akamwambia kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Baba, hapa wanauliza wewe raia wa wapi." Kwa Kiarabu jinsiyya ni uraia, jinsia yetu sisi wao huiita jins tu. Huyo binti mwenyewe ni katika watoto wa zile familia zilizotoka Afrika Mashariki kwenda Oman, nyingi baada ya mwaka 1970 Sultan Qaboos alipoita watu wa asili ya huko warudi. Mpaka leo huko wanaitwa Wazinjibari, hata yule ambaye babu yake alikuwa na duka Bujumbura na Unguja hajawahi kuiona. Jinsiyya wanayo, na pasipoti wanayo. Kiswahili cha jikoni bado hakijaisha.

Kwa wanabalagha wa Kiarabu, yaani wataalamu wa ufasaha wa lugha, tajnis ina kazi nyingine kabisa, ni mchezo wa maneno yanayofanana umbo na kutofautiana maana. Kwa Kiswahili mfano ungekuwa kata: kuna kata ya kuchotea maji mtungini, kata ya kuweka kichwani chini ya mzigo, kata kamba, na ofisi ya kata. Nataja hili kwa sababu lina ukweli wake kwa raia wa tajnisi. Umbo ni moja na la mzawa, kitambulisho ni kile kile, kura ni ile ile, na bado kuna wanaosoma maana tofauti. (Na kama umewahi kumsaidia mtu kuomba uraia, unajua safari yenyewe huanzia wapi: barua ya mtaa, halafu kata.)

Kisheria mambo yako wazi zaidi. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 ina milango mitatu: uraia wa kuzaliwa, wa kurithi, na wa tajnisi. Anayeomba tajnisi kwa njia ya kawaida anatakiwa awe ameishi nchini mfululizo miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, awe na tabia njema, akusudie kuendelea kukaa nchini. Maombi yake yanatangazwa gazetini, ili mwenye pingamizi aandike. Umeviona vile vitangazo vidogo, kwenye kurasa za zabuni na viwanja vinavyouzwa. Nimewahi kumtafsiria mtu nyaraka zake za maombi, mama mmoja aliyeishi Arusha karibu maisha yake yote, na siku tangazo lilipotoka alinunua nakala tano za gazeti. Nilidhani ni furaha. Kumbe alitaka kuzipunguza mtaani kwake, wasomaji wapungue. Mtaani watu walimjua kama bibi fulani, jirani yao. Gazeti lilikuwa linawakumbusha kwamba ni mgeni, ili baadaye serikali iwaambie kwamba si mgeni tena.

Hapo ndipo tofauti ya maneno yako mawili ilipo. Tajnisi huombwa na hutolewa, ina tarehe, ina muhuri, na inaweza kunyang'anywa. Kulowea hakuna dirisha la kupeleka fomu.

Na tajnisi kama neno lina kichekesho chake. Itamke: taj-ni-si. Kiswahili hakipendi j na n zikutane bila irabu katikati, ndiyo maana wengi, wakiwemo maofisa wenyewe, husema na hata kuandika tajinisi. Linganisha na maneno mengine yaliyokuja kutoka nje. Kitabu ni cha Kiarabu, lakini sikio letu lilidhani ki- yake ni kiambishi cha kwetu, tukasema vitabu, na mambo yakaishia hapo. Kipilefti kilikuwa maagizo ya Kiingereza kwa madereva, sasa Dar es Salaam kuna vipilefti, na vidogo vyake vimebomolewa kupisha taa. Wanaisimu huita kazi hiyo kutohoa, yaani kulivika neno la kigeni sauti na maumbo ya lugha yetu. Mimi naongeza kipimo changu: neno limelowea pale linapochukua ngeli na wingi bila mtu kukaa kikao. Tajnisi haina wingi, kitenzi chake hakijatulia, na mitaani hakuna anayeitumia. Neno la kuwafanya wageni wawe raia, lenyewe bado linaishi kwa kibali cha muda.

Wakenya wao wameachana na neno hilo, na nadhani wamepunguza maneno kwa faida. Katiba yao ya mwaka 2010 ina raia wa kuzaliwa na raia wa kuandikishwa, au kusajiliwa, basi. Wamakonde walioletwa kwenye mashamba ya mkonge ya pwani tangu miaka ya 1930 walikaa vizazi bila vitambulisho, mpaka mwaka 2016 walipofunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Wakaandikishwa, wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kwale na Kilifi, wavuvi, wakafuata mwaka 2023. Kuandikishwa hakujifanyi kubwa. Hakusemi mtu amebadilishwa jinsi yake, kunasema tu jina lake sasa liko daftarini.

Nirudi kwa babu yako, maana hadithi ya watu wake inayaweka haya maneno mawili uso kwa uso kuliko mfano wowote ninaoujua. Waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipelekwa katika makazi matatu, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa pori na majembe. Wakafyeka. Kwa miaka zaidi ya arobaini sheria iliendelea kuwaita wakimbizi, jina linalotokana na kukimbia, ilhali mbio zilikwisha mwaka ule ule waliofika na mihogo ilishavunwa mara zisizohesabika. Mwaka 2010 serikali ikatangaza kuwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo. Lakini mpango wa awali ulikuwa na sharti: waondoke kwenye makazi yale, watawanywe mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti. Yaani tajnisi ipatikane kwa kung'oa kulowea. Uwe mwenyeji wa Tanzania, ila si mwenyeji wa pale ulipokuwa mwenyeji. Mpango ule ukakwama, vyeti vikakaa, na vilipoanza kugawiwa mwaka 2014 sharti la kuhama lilikuwa limeondolewa.

Kama babu yako alikuwa na mazoea ya kusisitiza hapa, nadhani sasa unaona alijifunzia wapi.

Kuna mfano wa kinyume chake pia, wa Wazigua wa Somalia. Karne ya 19 babu zao waliuzwa utumwani kutoka pande hizi mpaka pwani ya Benadir; waliotoroka wakajenga vijiji vyao kando ya Mto Juba. Wakalowea huko zaidi ya miaka mia bila kukiacha Kizigua. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 baadhi yao walikimbilia Tanga, na wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, katikati ya Wazigua wenzao. Wakasikilizana bila mkalimani. Nao pia walipewa uraia kwa tajnisi, kana kwamba ni wageni walioombwa wafanane na wenyeji, wakati walikuja tayari wanafanana nao. Jins ileile, angesema Mwarabu, na bado fomu ni ya lazima.

Mnaweza kufikiria maneno mengine, nayo niyapitie haraka. Mwenyeji ni zuri na halina ubaya kokote, ila ni pana mno: hata aliyeishi Kariakoo miezi sita akajua daladala zote atakwambia ameshakuwa mwenyeji. Mzawa babu hakuwa, na neno hilo lilipashwa moto sana na siasa za miaka ya 1990 juu ya nani ana haki ya kumiliki uchumi. Mimi silitumii kaburini hata kwa mzawa. Mzalia liepukeni kabisa. Pwani zamani lilikuwa jina la mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake, na wapo wazee wanaolisikia hivyo hadi leo. Mzalendo nalo linafurahisha: zamani lilimaanisha mzaliwa wa mahali, siasa zikaligeuza likawa mwenye kuipenda nchi yake, na kwa mgeuko huo likamfungulia mlango mtu kama babu yako, ambaye kwa maana ya kwanza asingeingia kamwe. Ila ni neno la majukwaani. Mwachieni anayestahili hotuba.

Mwanafunzi wa biolojia akipita hapo nyumbani atauliza kama mimea na ndege nao hulowea. Hulowea. Kunguru mweusi wa Kihindi aliletwa Unguja miaka ya 1890 asaidie kula taka, na sasa mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba ndege huyo ni mgeni uone anavyokukodolea macho. Wao wana maneno yao, spishi ngeni na spishi vamizi, na kwa kunguru nawaunga mkono la pili.

Wewe mwenyewe hukuuliza ujiiteje, lakini swali liko katikati ya mistari. Kilugha wewe ni mzaliwa wa Tabora, kama umezaliwa huko, na hakuna cheti kinachoweza kuongeza wala kupunguza hilo. Mambo ya hati yako mpelekee ofisa uhamiaji, si mimi.

Historia mtakayosoma iwe na maneno yote mawili, kila moja mahali pake. Ningeiandika hivi: "Alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akapokewa Ulyankulu. Akafyeka, akalima, akaoa, akalowea. Baada ya miaka zaidi ya arobaini alipewa uraia wa Tanzania kwa tajnisi." Sentensi ya mwisho itajeni tarehe iliyoko kwenye cheti, maana tajnisi bila tarehe haina kazi. Kuhusu kulowea msitafute tarehe. Na mlowezi asionekane popote, mdogo wako apate ushindi wake.

Kaburini ningeweka jina, miaka yake, na maneno mawili aliyoyachagua mwenyewe. Mtu atawaambia kwamba kwa marehemu lazima iwe -li-, alilowea, kwa kuwa yamekwisha. Kwenye historia ya kusoma, sawa. Kwenye jiwe mimi ningebaki na -me-, amelowea hapa, kwa sababu kiambishi hicho hutumika pale hali inapoendelea, na huyu mzee yuko pale pale chini ya hilo jiwe. Fundi akiwauliza kama mmekosea wakati wa kitenzi, mwambieni achonge.